Usalama wa Kiwandani ni Haki ya Raia, Si Hisani ya Mwajiri

(Yafuatayo ni maandishi ya hotuba tuliyoitoa mbele ya wanaharakati, viongozi wa makanisa na wafanyakazi wa viwandani. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria.)



Tuliombwa tuzungumze juu ya usalama wa wafanyakazi na wajibu wa viwanda kwa mazingira. Yamkini baadhi yenu mnajiuliza imekuwaje watu waliozoea kuhutubia juu ya katiba, kura na mahakama waje leo na habari za glavu, dohani na mitaro ya maji machafu. Swali hilo ni halali. Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba mnamo Desemba 1991, wengi wetu tulidhani kwamba hofu imefutwa pamoja nacho. Ni kweli, ilipungua viwanjani, na baadaye ikapungua magazetini. Katika lango la kiwanda haikupungua. Wazee mlio hapa mnaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988, wapiga kura walipopangwa nyuma ya wagombea mchana kweupe, na mahali pengine mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa ndio ulioshinda. Mlolongo mwingine ungali upo. Kila alfajiri, katika Eneo la Viwanda jijini Nairobi, na Athi River, na Thika, na Changamwe, vijana husimama langoni wakingoja mnyapara awachague kwa kidole. Aliyeuliza jana kwa nini mashine haina kinga, leo kidole hakimfikii. Hana barua ya kufutwa kazi ambayo angeipeleka mahakamani, kwa kuwa hakuwahi kupewa barua ya kuajiriwa. Hayo nayo ni mambo ya uraia, na ndiyo sababu tumekuja.

Tuanze Mombasa, kwa maana huko ndiko ilikodhihirika kwamba ukuta ulio kati ya kiwanda na makazi ya watu haugawi chochote isipokuwa ardhi. Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, upande wa Mikindani. Mnamo mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kikiwa kimepakana na nyumba za mtaa huo. Kilikuwa chini ya mpango wa EPZ, yaani maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990 kwa nia ya kuvutia mitaji. Kazi ya kiwanda ilikuwa kupasua betri za magari, kuondoa asidi iliyomo, na kuyeyusha vibamba vya risasi katika tanuri ili madini hayo yauzwe tena.

Lugha yetu ina neno moja kwa madini haya na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Ile ya bunduki walau husikika ikilia. Risasi ya tanuri huyeyuka katika joto la nyuzi 327 hivi, joto ambalo kwa madini si kubwa, na ikizidi kupashwa hutoa mvuke. Mvuke huo ukipoa huwa vumbi laini mno. Vumbi huingia mwilini kwa pumzi, na kwa mkono ulioshika mkate kabla ya kunawa. Sehemu kubwa yake huenda kukaa mifupani, ikadumu humo miaka na miaka. Mtu mzima huharibika figo na kupanda shinikizo la damu; mwanamke mjamzito huweza kupoteza mimba; na mtoto mdogo hudhurika ubongo ungali unakua, wala hakuna dawa ya kuurudisha ubongo huo ulivyokuwa. Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama.

Sasa mfuateni mfanyakazi wa tanuri anaporudi nyumbani. Ikiwa kiwanda hakikumpa mahali pa kuoga wala kabati la kuachia nguo za kazi, hutoka na vumbi lile katika ovaroli, katika nywele na katika viatu. Mkewe hulifua vazi hilo katika beseni la nguo za watoto. Mtoto humkimbilia baba mlangoni na kumkumbatia miguu. Jirani ambaye hajapata kuingia kiwandani huvuta moshi huo huo uliopanda dohani na kushuka juu ya bati lake, na mvua ikinyesha, maji ya bati humwagikia mtungini. Hapo nani aseme suala la usalama kazini limekomea wapi na suala la mazingira limeanzia wapi?

Bi. Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho mwaka 2009, naye hakuwa mtu wa tanuri. Kazi yake ilikuwa ya ofisini. Mojawapo ya majukumu aliyopewa mapema lilikuwa kushughulikia tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira. Wataalamu waliposema kwamba kiwanda kama hicho hakifai kuwa karibu vile na watu, yeye ndiye aliyeondolewa katika shughuli hiyo na kupewa nyingine. Muda si muda mtoto wake mchanga akaugua ugonjwa ambao madaktari hawakuuelewa, hata damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mtoto hakuwahi kufanya kazi katika tanuri wala mama hakuwahi. Sumu ilimfikia kwa maziwa ya mama yake.

Aliacha kazi akaanza kubisha milango ya ofisi za serikali. Mnamo mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wakazi wenzake akashtakiwa kwa uchochezi, mashtaka ambayo sisi wa harakati za mageuzi tunayafahamu vizuri mno tangu enzi zile, mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata Bi. Omido alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa, ikaagiza walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo wao usafishwe. Lawama haikuwekwa juu ya mwenye kiwanda peke yake. Taasisi za serikali zilizopaswa kukagua na kulinda zilibebeshwa sehemu yao. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua tuzo hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hesabuni miaka. Mtoto aliyezaliwa mwaka tanuri lilipowashwa alikuwa na miaka 17 siku hukumu hiyo ya mwisho iliposomwa. Twaishukuru mahakama, na twawapongeza wakazi na mawakili wao kwa uvumilivu wao. Hata hivyo hatutaki kuwafundisha watu wetu kwamba njia ya haki ni kungoja miaka 17. Fedha huweza kumjengea mtu nyumba, lakini haziwezi kuitoa risasi katika mifupa ya mwanawe.

Ndugu wapenzi, hapa hatuna budi kujisema sisi wenyewe kabla ya kuwasema wengine. Miaka kadhaa iliyopita kiwanda kimoja kilicho karibu na kanisa letu, ambacho hatutakitaja, kilitupatia mabati ya kuezekea ukumbi. Tulipiga makofi, tukamkalisha mwenye kiwanda mbele. Baadaye akina mama wanaolima mboga kando ya kijito walikuja kwa kamati wakieleza kwamba maji yamebadilika rangi, na sukuma wiki inakauka kuanzia pembeni mwa majani. Kamati iliwashauri wawe na subira, madhali mwenye kiwanda ni mtu wa kanisa na hawezi kukusudia mabaya. Sisi tunaosema nanyi tulikuwa katika kamati hiyo.

Mwaka huo huo kijana mmoja wa kwaya alikatwa vidole viwili na mashine katika kiwanda kile. Tulimwombea. Tulifanya harambee tukalipa hospitali, jambo ambalo mwajiri ndiye aliyepaswa kulilipa. Hatukuuliza kama mashine ilikuwa na kinga. Hatukumwambia kwamba Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Walioumia Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake, na kwamba majeruhi ana miezi 12 ya kuwasilisha dai lake. Alipewa nauli, akarudi kwao mashambani. Miezi minne baadaye kijana wa pili alikatwa kidole katika mashine ile ile, kinga ikiwa bado haijafungwa. Yule wa kwanza twaweza kusema kwamba hatukujua. Huyu wa pili ni deni letu.

Tumeyasema haya si kwa kutafuta sifa ya unyenyekevu. Ni kwa sababu tumetambua kwamba makanisa yetu yamezoea kushughulikia ajali ikishakwisha kutokea, kwa sala, mchango na matanga. Sheria ya Musa ilitangulia mbele zaidi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba mpya anatakiwa azungushie dari yake kizuizi, na mtu akianguka kwa kukosekana kizuizi hicho hatia humrudia mwenye nyumba. Haikusemwa kwamba mgeni apewe somo la kutembea kwa uangalifu. Huu ndio mpangilio unaokubaliwa leo na wataalamu wote wa usalama wa viwandani, ingawa viwanda vingi vyetu huuanzia mwishoni.

Mpangilio wenyewe ni huu. Kwanza huulizwa kama kitu cha hatari chaweza kuondolewa kabisa, au kubadilishwa kwa kingine kisichodhuru. Ikishindikana, hatari hufungiwa: tanuri hufunikwa, mashine hutiwa kinga, vumbi hunyonywa na feni pale pale linapotoka kabla halijafika puani mwa mtu. Kisha ndipo huja kanuni za kazi, kama vile kupunguza saa za mtu mmoja mahali penye hatari, kutofagia vumbi kavu bali kulilowesha kwanza, kula mbali na mahali pa kazi, kuoga na kubadilisha nguo kabla ya kutoka langoni, na kupima damu kila baada ya muda. Glavu na barakoa ni za mwisho. Ni za mwisho kwa kuwa hazipunguzi hatari hata chembe. Zinamwachia mnyonge kuliko wote kazi ya kujikinga, na zikichakaa yeye ndiye hulaumiwa. Katika viwanda vingapi mtu hupewa barakoa moja ya kitambaa Jumatatu na kuambiwa aitunze hadi mwisho wa mwezi?

Na kuna jambo la maziwa. Wengi mnalijua. Mahali penye vumbi la saruji, rangi au unga, wafanyakazi hugawiwa pakiti ya maziwa ili yaoshe kifua. Twasema kwa heshima kwa wote wanaoamini hivyo: maziwa huenda tumboni, na vumbi liko mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani. Maziwa ni chakula chema na tusiyakatae. Tukatae tu kuyapokea mahali pa feni.

Tuje sasa kwenye neno ambalo kwetu ndilo kiini cha hotuba hii. Katika makampuni mengi usalama wa wafanyakazi una ofisa wake na mazingira yana ofisa wake, na serikalini vivyo hivyo: Idara ya Usalama na Afya Kazini iko katika wizara ya kazi, na NEMA iko katika wizara ya mazingira. Mgawanyo huo una faida zake. Lakini tazameni linaloweza kutokea. Mkaguzi wa kazi anaingia kiwandani, anakuta moshi umejaa, anaamuru feni iwekwe. Feni inawekwa, hewa ya ndani inasafika, mkaguzi anaandika kwamba ameridhika. Moshi umekwenda wapi? Umekwenda Owino Uhuru. Feni isiyo na chujio humtoa mfanyakazi katika moshi na kumtia jirani yake. Au kinyume chake: majirani wanalalamikia harufu, mkaguzi wa mazingira anaagiza harufu ikomeshwe, na meneja anafunga madirisha yote kwa misumari. Majirani wanashukuru. Ndani watu wanakohoa. Pande zote mbili zimepata ushindi, kila mmoja kwa gharama ya mwenzake, na sumu haijapungua hata gramu moja.

Kwa hiyo yeyote anayemwakilisha mfanyakazi bila kumsikiliza jirani atadanganywa, na anayemwakilisha jirani bila mfanyakazi atadanganywa upesi zaidi, kwa kuwa hajui kinachofanyika ndani usiku. Wanaojua ni wale wa zamu. Wao ndio huona bomba la maji machafu likifunguliwa mvua inapoanza kunyesha ili kijito kiyachukue. Wao ndio huona chujio likitolewa kwa sababu linapunguza kasi ya tanuri, na likirudishwa asubuhi ya ukaguzi.

Lakini kujua bila uhuru wa kusema hakumwokoi mtu. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka nchini Bangladesh, jengo la Rana Plaza liliporomoka na watu zaidi ya 1,100 wakafa, wengi wao wanawake washonaji wa nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki iliyokuwa katika jengo hilo iliwaondoa watu wake, maduka yakafungwa. Washonaji wa orofa za juu waliamriwa kurudi kazini asubuhi, baadhi yao wakitishwa kwamba watapoteza mshahara wa mwezi. Mshonaji aliuona ufa kama karani wa benki alivyouona. Tofauti yao ilikuwa ni nani aliyeweza kukataa kupanda ngazi. Baada ya msiba huo, Mei 2013, vyama vya wafanyakazi na makampuni ya nguo ya nje yalitia sahihi mkataba wenye nguvu ya kisheria, wakaguzi wakawa hawalipwi na mwenye kiwanda anayekaguliwa, na ripoti zao zikachapishwa kila mtu azisome. Viwanda vyetu vya nguo vya EPZ, vilivyopanuka tangu mpango wa AGOA uanze mwaka 2000, vinashona kwa ajili ya masoko yale yale. Hatuoni kwa nini washonaji wa Athi River wangoje msiba wao wenyewe ndipo ripoti za ukaguzi zibandikwe ukutani.

Wala tusiseme kwamba sheria hakuna. Kenya ilikuwa na Sheria ya Viwanda tangu mwaka 1951, na mwaka 2007 ikapata Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Sheria hii inataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, wawakilishi wa wafanyakazi wakiwamo. Inataka ukaguzi wa usalama angalau mara moja katika kila miezi 12. Inataka ajali iliyoua mtu iarifiwe serikalini ndani ya saa 24. Inakataza mlango kufungwa kwa namna ambayo walio ndani hawawezi kuufungua upesi, nasi twamwomba kila mmoja wenu anayefungiwa kwa kufuli wakati wa zamu ya usiku, eti kwa kuzuia wizi, ayakumbuke maneno hayo. Tena mfanyakazi aliyetoa habari ya hatari kubwa inayomkabili, mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo kabla ya kuirekebisha.

Kwa upande wa jirani, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ilileta tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza. Kanuni zake za mwaka 2003 zilitaka mabango yabandikwe karibu na mahali pa mradi, matangazo yatolewe gazetini na redioni, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watu watakaoguswa. Je, ni wangapi kati yenu mliopata kualikwa katika mkutano wa namna hiyo kabla ya kiwanda kujengwa mtaani kwenu? Twaona mikono miwili. Kisha Katiba ya mwaka 2010, ambayo watu walio katika chumba hiki waliipigania hadi kupigwa marungu, inatupa hali bora za kazi katika Kifungu cha 41 na mazingira safi katika Kifungu cha 42. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara au ameumia. Maana yake ni kwamba mwalimu wa shule ya Jumapili asiyeishi karibu na kijito anaweza kukitetea kijito.

Tatizo ni kwamba kamati nyingi za usalama ziko katika karatasi. Meneja huchagua wawakilishi wa wafanyakazi kama vile chama kile kimoja kilivyokuwa kikituchagulia wabunge, na mkutano hufanywa mwishoni mwa mwaka ili picha ipigwe. Kamati ya haki huchaguliwa na wafanyakazi wenyewe, vibarua wakiwamo, kwa kura ya siri. Huingia mahali popote pa kiwanda bila kuomba ufunguo kwa mtu. Husoma daftari la ajali, pamoja na zile ajali ndogo ambazo hazikumuua mtu kwa bahati tu. Karatasi za maelezo ya kemikali hutafsiriwa Kiswahili, maana onyo lililoandikwa kwa lugha ambayo mchanganyaji wa kemikali haisomi halijamwonya mtu.

Kuna watakaotuambia kwamba tunafukuza mitaji na kuwanyima vijana kazi. Hatulipuuzi neno hilo, maana tumeona kinachotokea kiwanda kinapokufa. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, wakazi walikuwa wamelalamika kwa miaka juu ya harufu yake, juu ya mabati yao yaliyoliwa na kutu, na juu ya maji ya mto Nzoia. Harufu ilikwisha, lakini mji nao ulidhoofika. Nyumba zikakosa wapangaji, na watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Hakuna aliyeshangilia. Hatutaki viwanda vifungwe. Twataka viendeshwe na watu wanaohesabu gharama zote, kwa maana chujio lisilonunuliwa na kampuni bado hulipiwa: hulipiwa na mama katika zahanati, kwa shilingi za mboga. Twakiri pia kwamba karakana ndogo za jua kali haziwezi kununua mitambo mikubwa ya kusafisha hewa, na kwao twataka serikali itoe mafunzo na mikopo badala ya askari wa kuwavunjia vibanda. Kampuni iliyosamehewa kodi kwa miaka haina udhuru huo.

Basi twapendekeza hivi. Kila parokia na kila kanisa lililo karibu na kiwanda liunde kikundi kimoja, si viwili, chenye wafanyakazi wa kiwanda hicho na majirani wake, wakutane mara moja kwa mwezi mahali ambapo mnyapara hafiki. Wale wa ndani walete habari za ndani. Wa nje walete habari za kijito, za mabati na za watoto wanaokohoa. Majina ya wafanyakazi yasitoke nje ya chumba. Barua za kwenda kwa kampuni, kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini na kwa NEMA ziandikwe na majirani na kutiwa sahihi na kanisa, ili asiwepo kibarua wa kunyooshewa kidole. Barua iombe vitu vinavyoweza kusomwa: ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa usalama, ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa mazingira, na leseni yenye masharti yake yote. Kifungu cha 35 cha Katiba, pamoja na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, vinatupa haki ya kuziomba. Na zisipojibiwa, nakala zitunzwe, kwa kuwa mawakili wa Owino Uhuru walihitaji karatasi za miaka mingi nyuma.

Sisi wenyewe tumeanza. Mwezi uliopita tulimwandikia mwenye kiwanda aliyetupatia mabati, tukamweleza habari za kijito na za mashine ile, tukamwalika aje azungumze na akina mama wa mboga. Tulimwambia pia kwamba, ikiwa mabati yale yalitolewa kwa masharti ya kunyamaza, tuko tayari kuyashusha. Hajajibu. Baadhi ya wazee wa kanisa wametukasirikia, na tunawaelewa, kwa kuwa mvua za masika ziko karibu.

Daftari la kujiandikisha liko juu ya meza karibu na mlango. Andika jina la mtaa wako na aina ya kiwanda. Jina lako si lazima. Mtusamehe kwa kuwa tumesema muda mrefu. Waliotoka zamu ya usiku watangulie kuandika, ili wapate kwenda kupumzika kabla ya saa kumi na mbili jioni, wanapotakiwa tena langoni.